Nusu Kichwa

Umeme ulikatika Drani akiwa amenifika utosini.
Mashine ikakohoa, ikanyamaza.
Basi nikabaki hivyo, upande mmoja kipara,
upande wa pili kichaka, shuka shingoni,
Jumapili asubuhi, hapa Arua,
na kinyozi asiye na umeme
hana cha kunyoa ila habari za jana.

"Mlikuwepo?" akauliza,
kana kwamba kuna ambaye hakuwepo.

Adiru alikuwepo. Sauti yake haipo,
ameiacha kule uwanja wa shule.
Ananong'ona kwamba Bibi Candiru alipopanda jukwaani
na lile gauni la kitenge cha njano
alimtazama yeye. Yeye Adiru, si mwingine,
katika watu elfu tatu.
Asega naye anasema alitazamwa yeye.
Wakagombania macho ya mwanamke
ambaye, nisikiavyo, bila miwani haoni hata ngazi.

Asega alilipa elfu hamsini, kiti cha mbele, cha plastiki,
na hakukikalia. Alikipanda.
Besi, anasema, ilimwingilia nyayoni, ikapita magotini,
ikaukuta moyo, ikausogeza kando, ikakaa yenyewe.
Nikasema hizo ni spika mbovu.
Akasema nyamaza wewe, nusu kichwa.

"Lakini pale palipozimika," akasema Drani,
na hakuendelea.

Kila mtu ana giza lake.
La Adiru lilidumu nusu saa.
La Asega, nyimbo mbili na kipande.
Mimi nilikuwa nyuma kabisa, tiketi ya elfu kumi,
ubavuni kwa mama wa karanga:
taa zikafa, gitaa likafa katikati ya neno,
mmoja akapiga mluzi, mmoja akatukana kwa Kinubi,
halafu adungu.
Mzee Onencan hata hakuinua uso.
Nyuzi tisa, ngozi, vidole.
Umeme ulipokwenda, haukuondoka na chochote chake.

Tukasogea, elfu tatu, kama watu wanaoegemea mlango
kusikiliza siri ya chumbani.
Mama wa karanga akaacha kukunja karatasi.
Candiru akaimba bila kipaza, kwa sauti ndogo, yenye nyufa,
ile ambayo redio haijawahi kutupa.
Ubeti wa tatu ukampotea.
Watu wakamrudishia polepole,
kama unavyompa maji mtu aliyetoka safari.

"Walipanga," akasema Asega. "Kampala wanafanya sana."
"Ni Mungu," akanong'ona Adiru.

Ndipo Ezati akakohoa, pale bencini karibu na mlango,
Ezati wa jenereta, mwenye kucha nyeusi za oili,
ambaye tulikuwa tumemsahau.

"Hakuna aliyepanga.
Nilitakiwa kuongeza dizeli kabla ya saa nne.
Miaka kumi na moja nakaa nyuma ya jukwaa na ile mashine.
Mnaniuliza tamasha lilikuwaje, nasema zuri.
Mimi nasikia injini.
Jana nikasema, wimbo mmoja tu, niende mbele.
Nikausikia. Nikasema, wa pili.
Dumu lilikuwa mkononi."

"Na zilipozimika?"

"Nilisimama nalo."

"Hukukimbia?"

Akatazama viganja vyake.
"Nilijua kwa nini kuna giza. Nyote hamkujua.
Nikasema, ngoja amalize ubeti."

"Wamekulipa?"

"Wamenikata nusu."

Hakuna aliyecheka, hata Asega.
Nje, bodaboda ikapita na mbuzi mmoja aliyelalamika
hadi kona ya msikiti.

Kisha umeme ukarudi.
Redio ya jirani ikaruka, balbu ikawaka mchana kweupe,
na mashine ikaanza kunguruma mezani, ikitambaa yenyewe
kuelekea ukingoni.
Drani akaitazama.
Akanyoosha mkono, akaizima.

"Ule wa pili," akamwambia Ezati, "ulikuwa upi?
Tuimbie mwanzo wake."

Nami nikaketi na shuka langu.
Sikudai nusu iliyobaki.