Meza Saba

Feni ya ofisi imegoma. Ilala, Jumanne.
Sikudhani Mkwavila kakalia ncha ya kiti
kama mtu aliyezoea kuambiwa ainuke.

Mgahawa wa Masaki. Gauni la kitenge, binti kahitimu chuo.
"Meza zote zina wenyewe," waliambiwa mlangoni.
Wakaja wazungu wawili, ndala zimejaa mchanga,
wakapita.
"Na aliyenizuia, mwanangu, ni mweusi kunishinda."

Ushahidi? Fomu ndiyo inayouliza, si mimi.
Akafungua pindo la khanga: kijikaratasi,
tarehe, saa, meza tupu: saba.
Alizihesabu akiwa bado kasimamishwa.

Nikaandika saba kwa tarakimu, nikaandika kwa herufi,
asije mtu akaifuta hata moja.

Nyuma yake Jitesh, na bahasha yake.
Dirishani, ofisi ya kata, kaambiwa arudi kwao.
"Kwetu Upanga. Nimezaliwa Muhimbili.
Nirudi wapi, wodi ya wazazi?"

Sikudhani akacheka mpaka kiti kikamkubali.
Mimi kicheko kilinikwama.
Darasa la nne, mtoto wa mwenye duka:
lile jina tulilomwita, tukilipigia makofi.
Alihama shule. Hatukuuliza.

Fomu ina kisanduku cha mlalamikaji,
cha mlalamikiwa, cha shahidi.
Cha karani hakuna.

Jioni, walipokwisha kuondoka,
nikachukua fomu nyingine, nikaigeuza.
Nyuma ni peupe.
Nikaanza na jina langu.