Kinukacho na Kinukiacho

Bibi Pavla hana pua tena.
Homa ya kipupwe kilichopita iliondoka nayo,
ikamwachia miwani na ukaidi.
Kwa hiyo Aprili hii nimeajiriwa: mimi pua, yeye vidole,
tunapanda kilima juu ya mto Idrijca
theluji ikiwa bado imejibanza vivulini.

Chini ya miti ya magome ya kijivu
chemazhi imetandaa, ekari nzima,
kitunguu saumu cha dubu, kinachonuka
hata kabla hujakiona.
Na katikati yake, kama mzamiaji
aliyevaa sare ya wenye shughuli,
shmarnitsa.

Jani kwa jani, pacha.
Koo mbili zisizojuana hata kwa salamu,
zimeshonewa nguo na fundi mmoja.

"Nusa," anasema. Nanusa: kitunguu.
"Na hili?" Kitunguu.
"Na kidole chako?"
Kitunguu. Anacheka mpaka anashika kiuno.
"Basi pua yako nayo imekwisha kazi. Hesabu.
Chemazhi, kila jani lina mguu wake,
limetoka ardhini peke yake, laini, tumbo halina mng'aro.
Shmarnitsa ni mawili katika shina moja,
yamekumbatiana,
na ukiyageuza yanang'aa kama viatu vya harusi."

Namwaga kapu zima magotini.
Jani la arobaini na ushei linang'aa.

Hasemi neno. Analichukua,
analitia mfukoni mwa aproni, halitupi,
kama mtu anayekwenda kurudisha sarafu ya watu.

Kinachonuka tunakiponda: mafuta, chumvi, jibini, mkate.
Kinachonukia kingesimamisha moyo,
nacho ndicho alichobeba kanisani
siku alipoolewa na Ožbej,
ndicho alichokipanda chini ya dirisha la sebule,
mbali na jiko,
na mjukuu akikigusa hunawishwa mara mbili.

Mei kengele zikafunguka, nyeupe,
zote zimeinamia upande mmoja
kama watu wanaosikiliza mlangoni.
Akafungua dirisha.
"Zinanukiaje mwaka huu?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka jikoni, kucha zote kijani.
Nikainama. Nikavuta pumzi.
Kitunguu.

"Kama siku ile," nikasema,
mimi niliyezaliwa miaka arobaini baadaye.