Haikurudi Sifuri

Risasi tulizoagiza zimekwama bandarini Kilindini,
kwa hiyo ndege yetu leo ni magunia kumi na mawili ya chumvi,
kilo hamsini hamsini, yamefungwa kamba juu ya fremu,
na chini yake mguu mmoja, gurudumu moja.
Bawa hakuna.

Hanga la Malindi, saa saba mchana. Bati linalia kwa joto.
Mbeyu anasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae,
anabandika kihisi, chembamba kuliko ukucha wa mtoto,
anaipuliza gundi kama anayepoza uji.
"Polepole," namwambia, "hicho kinasikia hata kidole."

Ni kweli. Ukiubonyeza kwa dole gumba
mguu huu unaobeba ndege na watu wake,
unakunjika kwa kiasi ambacho jicho halikupewa,
na kwenye kompyuta mstari unainuka kidogo
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.

Kapteni Nyiro, aliyetuletea mguu kutoka Manda,
aliapa: "Niliitua kama yai."
Tukamwitikia kwa adabu.
Marubani wote hutua mayai.

Lali yuko kwenye winchi. Sentimita thelathini na nane.
"Moja, mbili..."
Tatu haisemi. Hajawahi kuisema.

Kishindo!
Njiwa wanatoka darini wote kwa pamoja.
Tairi linabonyea, linadunda, linabonyea tena,
chumvi inachuruzika kutoka gunia la pembeni,
na sisi watatu tumeinua mabega
kana kwamba tumeangukiwa sisi.

Kilo mia sita zikitulia ni mia sita.
Kilo mia sita zikianguka, kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa,
ni elfu moja mia saba na ishirini.
Nimeirudia hesabu mara mbili, si kwa shaka.
Nilitaka kuisikia tena.

Baba aliibeba chumvi hii. Gongoni, miaka kumi na tisa.
Mzani wa karani ulining'inia mlangoni
na karani alingoja gunia liache kuyumba ndipo asome.
Baba alilipwa kwa kilo zilizotulia.
Lakini mgongoni gunia halikumfikia limetulia:
vijana wawili waliliachia kutoka juu ya lundo,
naye chini ameinama, mikono magotini,
akilipokea kwa "hm" moja fupi.

Hiyo "hm" haikuwa na safu yake daftarini.

Usiku mama alimkanda kwa maji ya moto na kitambaa.
Ukimuuliza, alisema, "Mzima."
Akasimama wima akuonyeshe.

"Mhandisi," Mbeyu ananiita, "mstari haujarudi."
Nauendea mguu. Naweka rula: umenyooka.
Napitisha kiganja: hakuna ufa, hakuna uvimbe.
Lakini sifuri ya asubuhi na sifuri ya sasa si moja,
kati yake pana pengo la unywele,
na mzigo tumeshauinua, hauugusi tena.

"Niurudishe?" Kidole chake kiko kwenye kitufe.
Ni jambo la kawaida. Unabonyeza, mstari unalala chini,
jaribio la pili linaanza kwa ukurasa safi.

"Acha."

Naandika kwa mkono, wino wa bluu:
tarehe, kimo, kilele cha mkazo,
kisha neno ambalo fomu haikuliachia nafasi,
nalibana pembeni, herufi zikipanda ukuta wa karatasi:
*haikurudi.*

Lali anafagia chumvi, anaikusanya kwenye kopo.
"Ya samaki," anasema. Hakuna anayemkatalia.

Simu inalia. Ni Kapteni, sauti ina haraka na upepo.
Mguu wangu vipi, umenyooka?
Umenyooka, namwambia, ila
na hapo ananishukuru, ananishukuru sana,
ameshakata.