Silinda ya Tatu

Kaja saa mbili asubuhi, baridi ya Januari
imekaza vitasa vyote vya Northampton.
Gari la buluu, bawa la nyuma refu kuliko busara,
na ndani yake kijana, Callum Prewett,
viganja kavificha kwenye mikono ya sweta.
"Inagonga," kaniambia.
Kisha, kama aliyejuta: "Kidogo tu."

Kidogo si kipimo.
Nikamwambia awashe, azime redio, na yeye anyamaze.

Ta-ta-ta-ta.

Wapo waliomwambia ni bati la kukinga joto,
boliti imeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani,
pauni kumi na tano na kikombe cha chai.
Binamu yake kasema mkanda wa taimingi.
Jirani kasema turbo. Jirani husema turbo kila mara,
ndilo neno alilonalo.

Mimi nina bisibisi.
Ndefu, mpini wa mti, niliachiwa na fundi Shebughe
kule Chumbageni, siku alipokiri kwamba hasikii tena.
Ncha naiweka kwenye chuma,
ushungi nausogeza, mpini naukandamiza
kwenye mfupa nyuma ya sikio,
na injini inaniingia kichwani
kama mpangaji anayegombana chumba cha pili.

Pistoni nne zimelala, mbili kwa mbili,
zimeelekeana kama mabondia.
Bati linatikisika, ni kweli. Nalibana kwa koleo.
Kelele ipo.
Kikaza mkanda kinafanya kazi yake kama karani mzee.
Turbo inapiga mluzi, haina hatia.

Nangoja ipate moto.
Kelele inayonyamaza chuma kikipata moto
ni kikohozi cha alfajiri, mtu huishi nacho miaka.
Inayokua na moto ni deni.

Imekua.

Nachomoa koili, moja baada ya moja.
Ya kwanza: injini inachechemea, inagonga vilevile.
Ya pili: vilevile.
Ya tatu,
kimya.
Nairudisha, ta-ta-ta. Naichomoa, kimya.
Nairudisha tena, kwa kuwa kijana ananitazama
na mimi nahitaji dakika moja.

Nazima.

Kwara-kwara-kwara!
"Bado!" Callum karuka.
Siyo gari. Ni simu yangu, inacheza
ndani ya sinia la nati: dada yangu Mwanasiti, Tanga,
mara ya nne tangu Alhamisi.
Najua ana majibu ya vipimo vya mama.
Naigeuza kifudifudi, juu ya kitambaa,
ili isipige kelele.

"Ilianza lini?" namuuliza.
"Wiki iliyopita."
Natazama kitufe cha redio. Kimelika upande mmoja,
upande wa kuongeza sauti.
"Oktoba," kasema.

Tunafungua nati ya chini. Oili inashuka,
nyeusi, yenye joto la uji.
Nawasha tochi juu ya karai
na humo chembe za shaba zinazunguka, maelfu,
bering ya konrodi iliyosagwa unga.
Callum anachovya kidole, anakisugua kwa dole gumba.
"Inapendeza," anasema, na sauti inamkatika.
Miezi kumi na minne ya zamu za usiku
kwenye ghala la vifurushi.

Naandika: usiiwashe tena.
Naandika bei. Naifuta.
Naandika tena, bei ileile.

Anaomba akae ndani kidogo.
Kaa, namwambia, leo sina mteja mwingine, nami ninaye.
Anaketi, mikono kwenye usukani, gari limeinuliwa na jeki,
matairi hayajagusa kitu.

Sabuni ya mchanga haiondoi yote.
Kwa kidole chenye mafuta naichukua simu,
natoka uani, pumzi yangu inafuka mbele yangu.
Inaita.