Kofia ya Jino

Miaka ishirini na sita nimekata uzi kwa jino hili,
la chini kushoto, jirani ya chonge.
Mkasi niliwaachia wanagenzi.

Sasa limechimbwa hadi mzizini.
Daktari Kaingu aliutoa mshipa kama anayefumua mshono,
akaziba tundu, akasema:
"Hiki ni kiraka, Bi Mwanaesha.
Rudi kabla mwezi haujaisha, nilivike kofia."

Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Mie, mshona kofia wa Langoni,
niliyewavika maharusi na mahujaji,
jino langu litembee kichwa wazi?

Lilitembea.
Haliumi, ndilo tatizo.
Lilipouma nililijali: karafuu, maji ya chumvi, dua usiku kucha.
Liliponyamaza nikalisahau,
kama nyumba ya urithi isiyogombaniwa tena.
Ukuta wa matumbawe hausemi unapoanza kupasuka.

Juzi, tende. Kokwa.
Mlio mdogo, kisha kiganjani
kipande cha ubavu, hakizidi punje ya mchele.

Daktari hakunigombeza.
Alimulika, akagonga, akamulika tena.
"Shina lingalipo. Usilijaribu."

Bei yake ni kofia mbili za vito.
Moja nimeuza.
Ya pili ipo magotini, imebaki duara la juu,
vishimo vyake vinanila macho.

Natafuna kulia.
Na uzi unapofika mwisho
mkono unaupeleka mdomoni kwa mazoea,
unasita hapo,
unarudi mkekani
kupapasa mkasi.