Mzigo Themanini

Nje ya dirisha, kilima cha Valparaíso na nyumba zake za mabati,
na behewa letu la njano, limelala mguuni pa reli tangu Agosti.
Mimi ni katibu wa kikao. Sichori, sichomelei, sipigi hesabu.
Naandika wanayosema wanaojua.

Eduvina wa mitambo alisema: mzigo usizidi themanini.
Baldomero wa umeme akaitikia kwa kichwa.
Rayén wa programu akaitikia kwa kichwa, macho kwenye kompyuta.
Nikaandika: Wamekubaliana.
Nikapiga mstari chini yake, mnyoofu, wa rula.

Siku ya majaribio tulipakia viroba vya mchanga.
Behewa likapanda mita kumi na moja,
likafika usawa wa kamba ya nguo za watu,
likakohoa, likasimama. Breki zikashika.
Soksi za mtu zikabaki zinapepea juu ya paa lake.
Ndipo simu zikaanza kurushiana lawama:
fyuzi! kebo! hesabu!

Nicanor, kibarua, mgongo umelowa,
akatua kiroba kilichobaki begani, akauliza bila hasira:
"Basi nishushe mzigo wa nani?"

Rula yangu ikanitia aibu.
Themanini ya Eduvina ni asilimia
ya uzito ambao kebo imeruhusiwa kuubeba.
Themanini ya Baldomero ni ampea; zikipita, fyuzi inakata.
Themanini ya Rayén ni kilo, uzani wa abiria mmoja,
awe bibi harusi, awe muuza mitungi ya gesi.
Wote walisema kweli.
Kweli tatu, behewa moja.

Sasa vikao vyetu ni virefu, kahawa inapoa.
Kabla sijaandika, kila mmoja hulirudia la mwenzake
kwa maneno yake mwenyewe,
kama mtu anayejaribu kiatu cha jirani.
Baldomero hununa: tumekuwa watoto wa chekechea?
Siku nyingine naona ana haki.

Lakini jana, saa ya kufunga, makoti tayari mikononi,
Eduvina alisema: kasi iwe ya kawaida tu.
Rayén akaitikia kwa kichwa.
Kalamu nikailaza mezani.
Nikangoja.