Kopo la Kimbo

Machi, kati ya mvua na mvua,
nilianika mlenda juu ya bati,
jiwe kila pembe ya kitenge.
Upepo wa Mvumi haukujali mawe:
uliumwagia vumbi la barabara nzima.
Nikapeta, nikapeta, nikachoka,
nikatwanga hivyohivyo.

Leo Oktoba. Hata mbuzi wanalamba kuta.
Nafungua kopo: kijani kimekuwa rangi ya tumbaku,
ila harufu ni ileile,
ya majani yaliyochumwa na umande wake.
Magadi kidogo. Karanga. Mwiko.

Ndahani anamega, anatowea, anasita.
"Mama, mchanga."
Na kwangu pia umelia jinoni, krr.

Meza, mwanangu.
Hilo ni shamba letu,
siku lilipokuwa limelowa.